Mistari Kumi ya Maharage

Anisia alitoka Giteranyi, huko Muyinga, kaskazini mwa Burundi, alfajiri ya Ijumaa ya pili ya Julai, akafika Gitega saa tano. Hakwenda kwanza kwa kaka yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye lise, shule ya sekondari ambako binti yake Imelda alikuwa ameshindwa darasa lile lile kwa mara ya pili, akaomba kumwona direkta, mkuu wa shule. Direkta alimsikiliza akiwa amesimama, funguo mkononi. Alisema sheria hairuhusu mtu kurudia darasa mara ya tatu, kwamba hata yeye jambo hilo linamsikitisha, na kwamba mzazi asichelewe kuchukua karatasi za mtoto. Anisia alikuwa ameandaa maneno njia nzima. Hakupata nafasi ya kusema hata nusu yake.

Saa sita alikuwa amekaa kwenye benchi nyumbani kwa Bonifasi, viatu amevua, miguu ameinyoosha mbele. Bonifasi alikuwa kaka yake wa tumbo moja, mkubwa kwake kwa miaka saba, na mwalimu wa biolojia katika lise hiyo hiyo. Imelda alikuwa akikaa kwake tangu aanze kusoma Gitega. Katika masomo manne aliyoanguka, moja lilikuwa la mjomba wake.

"Usinilaumu," Bonifasi alisema. "Alama nilizompa ndizo alizopata."

"Sijakulaumu."

"Lakini unanitazama."

"Nimechoka tu, kaka. Mtu akichoka hutazama popote."

Bonifasi naye alikuwa amechoka, ila uchovu wake ulikuwa wa muda mrefu zaidi, hata watu walikuwa wamekwisha kuuona kama sehemu ya sura yake. Alizaliwa Bugendana, akabebwa mgongoni kwenda Tanzania mwaka sabini na mbili akiwa na miaka miwili, akakulia Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi. Huko alisoma, akawa mwalimu, akafundisha kwa Kiswahili na Kiingereza. Waliporudi Burundi mwaka elfu mbili na tisa, aliambiwa hapa biolojia ni kwa Kifaransa. Alijifunza Kifaransa akiwa na miaka thelathini na tisa, kwa kamusi na aibu. Miaka kumi na sita baadaye bado alikuwa anaandika somo zima kwenye daftari kabla ya kuingia darasani, asije akakwama mbele ya watoto themanini na wawili.

Anisia alifungua pindo la kitenge chake, akamimina maharage mezani. "Nimekuleteeni ya kupika."

Bonifasi aliyatambua. Yalikuwa maharage ya mama yao. Mama hakuwahi kupanda aina moja. Kapu lake lilikuwa na mbegu nyeupe kubwa, za njano, nyekundu, zenye madoadoa, na zile nyeusi ndogo kama vishikizo vya shati, zote zimechanganywa, na hivyo ndivyo zilivyokwenda shambani na hivyo ndivyo zilivyokwenda chunguni. Alipofariki, wanawake wa familia waligawana kapu hilo. Sehemu moja alibaki nayo Emiliana, mke wa kaka yao mkubwa, kule kule Bugendana ambako mama alikuwa amerudi kulima. Sehemu nyingine aliichukua Anisia, akaenda nayo Giteranyi, kwenye shamba aliloachiwa na marehemu mume wake.

Bonifasi alikuwa amemkataza. Bugendana ni milima, kuna ubaridi na mvua za kueleweka. Giteranyi jua ni kali na mvua hukatika ghafla. Alimwambia ale maharage hayo badala ya kuyazika. Anisia akayazika. Msimu wa kwanza alipanda beseni akavuna mabakuli mawili. Msimu wa pili hali ikawa hiyo hiyo, kidogo afadhali. Wa tatu akarudisha beseni lake. Sasa ulikuwa umepita wa saba, na gunia lilikuwa limejaa.

Kwenye meza, karibu yote yalikuwa meusi. Hapa na pale palikuwa na lenye madoadoa.

"Unaona," Anisia alisema. "Yamezoea."

"Hayajazoea."

"Kaka, nimeyapanda mimi."

"Najua umeyapanda wewe. Lakini hayajazoea. Yasiyoweza yamekufa, haya ndiyo yaliyobaki. Si jambo moja."

Imelda alikuwa ameketi mlangoni akimenya mihogo. Alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa hajasema neno tangu mama yake aingie. Kisu chake kilipunguza mwendo.

"Nieleze basi," Anisia alisema, akaegemea ukuta na kufumba macho. "Nieleze taratibu. Leo nimeelezwa mambo mengi haraka haraka."

Bonifasi alivuta kiti. Hakuwahi kulisema somo hili kwa Kiswahili tangu aondoke Ulyankulu, na maneno yalikuja polepole, lakini yalikuja.

"Kulikuwa na Mfaransa mmoja, Lamarck. Zamani zake, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, wasomi wengi walisema viumbe havibadiliki. Twiga ameumbwa na shingo yake, imekwisha. Yeye akasema hapana. Twiga wa kwanza walikuwa na shingo fupi. Majani ya chini yalipoisha wakajinyoosha kufuata ya juu. Mmoja akijinyoosha maisha yake yote, shingo inarefuka kidogo. Mtoto wake anazaliwa nayo imerefuka, naye anajinyoosha, inaongezeka. Kizazi baada ya kizazi, mpaka ukapata twiga huyu wa leo."

"Si ndivyo nilivyosema mimi? Yamejinyoosha."

"Ndivyo ulivyosema. Wewe ni mtu wa Lamarck."

"Aliishia wapi huyo?"

Wanafunzi hawakuwahi kumuuliza swali hilo. Bonifasi alifikiri kidogo. "Alipofuka. Alizeeka maskini, mabinti zake wakamtunza. Mmoja alikuwa anamwandikia yale anayoyasema. Alipokufa walimzika kwenye kaburi la kukodi."

Anisia alifumbua macho, akayafumba tena. "Na wewe ni mtu wa nani?"

"Darwin, Mwingereza. Alikuja baadaye. Yeye alisema twiga hawakuwa sawa tangu mwanzo. Katika kundi moja, shingo ya huyu imezidi kidogo, ya yule imepungua, kama watu walivyo. Ilipokuja njaa, wenye shingo fupi walikufa kabla ya kuzaa, au walizaa wachache. Waliobaki ndio walioacha watoto, na watoto wakafanana nao. Hakuna aliyejinyoosha. Ukiwatazama mwishoni unasema wamezoea, kumbe ni kwamba wengine hawapo tena. Palikuwa na mwenzake pia, Wallace, aliyewaza jambo lile lile akiwa visiwa vya mbali, amelala kitandani na homa. Akamwandikia Darwin barua."

"Homa gani?"

"Malaria, wanasema."

"Basi hayo ya pili ni mawazo ya mgonjwa," Anisia alisema, na kwa mara ya kwanza tangu afike alitabasamu kidogo. Halafu tabasamu likaondoka. "Ngoja. Huyo wa kwanza anasema taabu ya mzazi inamfikia mtoto."

"Ndiyo."

"Na wa pili anasema haimfikii."

"Haimfikii kwa kuzaliwa. Misuli uliyoipata kwa jembe, Imelda hakuzaliwa nayo. Darwin mwenyewe hakulikataa kabisa jambo la Lamarck, wakati mwingine alilikubali. Waliomfuata ndio waliolikataa."

Anisia alimtazama binti yake mlangoni. "Mimi nilifika Giteranyi sijui kitu. Nilizaliwa Ulyankulu, kwenye tambarare, kwenye tumbaku. Nchi hii nilikuwa naisikia kwa mama. Mwaka wa pili mume akafa, watu wa kwake wakaanza kunitazama kama mgeni aliyekaa sana. Nilikaribia kufa na mimi. Kisha nikazoea. Nilipoona maharage ya mama yamesimama nilisema haya yamefanya kama mimi."

Imelda aliitupa mihogo kwenye sufuria ya maji.

"Mi nimeelewa," alisema, bila kuinua kichwa.

"Umeelewa nini?" mjomba wake aliuliza.

"Hayo ya Lamarck na Darwin. Mwaka wa kwanza sikuelewa, na mwaka huu sikuelewa. Nilikuwa nafuata Kifaransa, nikifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umenipotea. Sasa nimeelewa. Ni rahisi tu."

Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Bonifasi aliinuka, akasema anakwenda kuteka maji, ingawa ndoo zote mbili zilikuwa zimejaa.

Kesho yake mama na binti waliondoka na godoro la Imelda limefungwa kwa kamba. Nyumba ilibaki kimya. Bonifasi alipika maharage meusi akala siku tatu mfululizo, na kila alipokula aliwaza jambo ambalo miaka yote ya kufundisha hakuwahi kuliwaza. Gunia la Anisia halikuwa limethibitisha kitu. Kama Lamarck alikuwa sahihi, shamba lingejaa maharage yaliyozoea. Kama Darwin alikuwa sahihi, shamba lingejaa maharage yaliyosalia. Kwa macho, magunia hayo mawili yangefanana. Alikuwa amemwambia dada yake "hayajazoea" kwa sauti ya mwalimu, kumbe hakuwa na ushahidi wowote zaidi ya twiga wa kuchorwa.

Lakini palikuwa na njia ya kujua, na ilikuwa rahisi mno kiasi cha kumtia haya. Maharage hujichavusha yenyewe. Jeusi huzaa jeusi. Mbegu nyeusi za Bugendana zilikuwa hazijawahi kuona jua la Giteranyi. Mbegu nyeusi za Anisia zilikuwa zimeliona misimu saba. Zikipandwa pamoja, shamba moja, siku moja, ingejulikana kama zile za Anisia zimejifunza lolote.

Hakuwa na hamu ya safari. Mgongo ulikuwa unamuuma, na likizo ndiyo pekee aliyokuwa nayo ya kupumzika. Hata hivyo mwezi wa Agosti alikwenda hadi Mutoyi, akatoka hapo kwa miguu, akapanda kilima hadi kwa Emiliana. Alimkuta anaanua maharage kwenye mkeka. Alipomweleza anataka mbegu ishirini za kila rangi, zisizidi wala zisipungue, Emiliana aliacha alichokuwa anafanya.

"Shemeji, mwalimu mzima, unataka kucheza bao?"

"Nataka kumjibu Anisia."

"Amekuuliza nini?"

Bonifasi alijaribu kueleza, akaona anaeleza vibaya, akaacha. Emiliana alimhesabia mbegu mia moja, akazifunga kwenye karatasi tano, akampa na ndizi za njiani.

Mvua za kwanza zilipoanguka mwanzoni mwa Oktoba aliomba ruhusa ya siku mbili akaenda Muyinga kwa njia ya Karuzi. Mjini alipitia kwa Salima, mwanamke wa Kiislamu aliyekuwa na duka la vitenge na vyerehani viwili kibarazani. Salima alikuwa mteja wa Anisia wa maharage kwa miaka, na Agosti alikuwa amemchukua Imelda ajifunze kushona. Imelda alikuwa ameinamia kitambaa, chaki mdomoni. Alimsalimia mjomba wake kwa heshima, akarudi kwenye kazi.

"Huyu mutoto iko anajifunza muzuri, mwalimu," Salima alisema. "Mi naonyesha mara moja, anashika. Kwenu kule mulisema haina akili?"

"Hatukusema hivyo."

"Basi ni karatasi ndiyo ilisema."

Bonifasi alikubali kwamba ni karatasi.

Giteranyi, Anisia alikuwa ameandaa kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, hatua ishirini kwa kumi. Walivuta kamba, wakachimba mistari kumi: miwili kwa kila rangi, mmoja wa mbegu za Bugendana na mmoja wa mbegu za Giteranyi, ikiwa imechanganywa ili upande mmoja wa shamba usipendelewe. Bonifasi alikuwa amekata vibao kwenye dumu la mafuta na kuandika kwa msumari. Nyeusi za Anisia zilikuwa nyingi. Za njano ilibidi wamwage nusu ya gunia kwenye mkeka na kuchambua mchana kutwa, na walipomaliza walikuwa wamepata kumi na moja tu.

"Hizi kumi na moja ndizo mashujaa," Anisia alisema. "Zimepita misimu yote saba. Kama kuna zilizojifunza, ni hizi."

"Ndiyo. Hizi zikizishinda njano za Bugendana, wewe na Mfaransa wako mmeshinda. Na nyeusi zako zikizishinda nyeusi za kule, vile vile. Zikilingana, basi hakuna iliyojifunza."

"Na wewe unataka zilingane."

Bonifasi alifunika shimo kwa kisigino. "Nataka kujua tu."

"Kuna jambo moja," alisema kabla ya kuondoka. "Usiyamwagilie. Jua likija, yaache."

Novemba mvua ilikuwa nzuri na mistari yote kumi ilikuwa kijani. Anisia alipiga simu kila Jumapili baada ya misa, akasoma idadi kama mtu anayesoma majina ya wagonjwa. Disemba mvua ilikatika. Jumapili ya kwanza hakuona tofauti. Jumapili ya pili alisema za njano zimeanza kukunja majani, na nyeupe nazo.

"Za wapi? Za kwako au za Bugendana?"

"Zote. Kaka, mto uko pale chini. Kwa madumu mawili tu ningeyaokoa."

"Ukiyaokoa hatutajua kitu."

"Umeniagiza nikae niyaangalie yanakufa. Unajua ni kazi gani hiyo? Mimi tangu nizaliwe sijawahi kuangalia shamba likifa huku maji yapo."

"Najua."

"Hujui. Wewe uko Gitega, kuna baridi."

Alikata simu. Bonifasi alikaa na simu mkononi. Alitaka kumpigia amwambie ayamwagilie, yaishe, nani aliyewatuma. Hakupiga. Alikuwa na mitihani ya muhula ya madarasa matatu kwenye meza.

Alifika siku mbili baada ya Krismasi. Mvua ilikuwa imekaa siku kumi na tisa bila kunyesha kisha ikarudi kidogo, imechelewa. Anisia alimpeleka nyuma ya nyumba bila kumkaribisha maji kwanza. Walihesabu pamoja, yeye akienda mbele akishika kila shina, Bonifasi akiandika. Shina lililo hai na lenye maganda ya maharage lilihesabiwa. Lililo hai bila kitu halikuhesabiwa.

Nyeusi za Bugendana, zilizokuwa hazijawahi kuonja jua hili, zilikuwa kumi na saba kati ya ishirini. Nyeusi za Anisia zilikuwa kumi na sita. Zenye madoadoa zilikuwa kumi na mbili upande mmoja na kumi na tatu upande wa pili. Nyekundu saba na saba. Nyeupe za Bugendana nne, za Anisia tatu. Walifika kwenye njano. Za Bugendana zilikuwa zimebaki tatu kati ya ishirini. Za Anisia, zile kumi na moja zilizopita misimu saba, zilikuwa zimebaki mbili.

Anisia alirudi mwanzo wa mstari, akahesabu tena peke yake. Zilikuwa mbili.

"Yamelingana," alisema.

"Yamelingana."

"Hakuna lililojifunza."

"Hakuna. Meusi yalikuwa hivi hivi tangu kwenye kapu la mama. Kule Bugendana hayakuhitajika, ndiyo maana hayakuyazidi mengine. Huku yakabaki yenyewe."

Walikaa kwenye tuta. Bonifasi alikuwa amefikiri akipata jibu hili atafurahi, walau kidogo, kwa kuwa lilikuwa jibu safi kuliko lolote alilowahi kulipata maishani. Alihisi uchovu tu. Akamuuliza, kwa kuwa hakuwahi kumuuliza, jinsi alivyokuwa anachagua mbegu za msimu unaofuata.

"Kama mama alivyotufundisha. Siku za jua napita, nafunga uzi kwenye mashina yanayochelewa kunyauka. Mavuno yakija, ya uzi yanakwenda kwenye mbegu, mengine tunakula."

"Kila msimu?"

"Kila msimu. Wewe ulidhani nachota tu?"

Ndivyo alivyodhani. Alifungua daftari, akalifunga. "Basi si jua peke yake. Ni wewe pia. Darwin mwenyewe alianzia hapo, kwa watu wanaofuga njiwa na ng'ombe, wanaochagua huyu azae na yule asizae. Alikaa nao, akawauliza. Jua lingehitaji misimu mingi zaidi. Wewe umelisaidia."

Anisia alilitafakari jambo hilo, lakini halikumpa faraja ambayo kaka yake alitaka kumpa. Alichuma jani lililokauka akalisaga kiganjani.

"Kwa hiyo, kaka, niliyoyapata mimi hapa yanaishia kwangu. Imelda anaanza upya. Akizaa, wa kwake anaanza upya. Lazima umwambie kila kitu kwa mdomo, umshike mkono, na akisahau umwambie tena. Kila mtoto."

"Kwa watu, ndiyo. Inabidi kufundisha."

"Ndiyo maana nimechoka hivi," alisema. Hakulalamika. Alisema kama mtu aliyekuwa akitafuta sababu ya maumivu fulani na sasa ameipata. Kisha akaongeza, "Na wewe pia. Miaka mingapi?"

"Thelathini na moja."

"Pole."

"Pole na wewe."

Waliingia ndani wakala ugali wa muhogo. Jioni Imelda alikuja kutoka mjini kwa siku za sikukuu, na sketi aliyoishona mwenyewe, mshono wa kiuno umepinda kidogo. Bonifasi alimwonyesha daftari. Alisoma namba zote kimya, kidole kikishuka, kisha akasema, "Lamarck ameanguka." Mama yake aliinuka akaenda kuosha sahani. Imelda hakurudi shule, si mwaka ule wala mwaka uliofuata, na Bonifasi aliacha kumtajia.

Somo lenyewe lilifika kwenye ratiba mwezi wa Februari. Bonifasi alifunga mlango wa darasa, akaandika kichwa cha somo kwa Kifaransa ubaoni kama inavyotakiwa, halafu akaweka chaki chini. Aliwaeleza kwa Kirundi, na palipomshinda akaingia kwenye Kiswahili, mambo ya Lamarck na binti aliyemwandikia, ya Darwin na wafuga njiwa, na mistari kumi ya Giteranyi. Alichora beseni na mashina. Nusu saa ya pili aliyarudia yote kwa Kifaransa ili wawe na cha kuandika. Wiki iliyofuata direkta alimwita, akamuuliza kama ni kweli alifundisha kwa Kiswahili. Alijibu ni kweli, na kwamba atafanya hivyo tena kwenye sura inayofuata. Direkta alimtazama, akaona umri wake, akasema waliongee siku nyingine. Siku hiyo haikuja. Alama za darasa zilipanda kidogo. Kazi yake iliongezeka mara mbili, maana sasa kila somo alilisema mara mbili, na saa nane mchana sauti ilikuwa imekwisha.

Mwisho wa mwezi huo huo Anisia alipiga simu. Mvua za msimu wa pili zilikuwa zinakaribia na alikuwa anaandaa mbegu.

"Panda nyeusi peke yake," Bonifasi alimwambia. "Sasa unajua."

"Sipandi nyeusi peke yake. Mwambie wifi Emiliana anitafutie za njano, bakuli moja. Na nyeupe kama zipo."

"Anisia, umehesabu mwenyewe. Zilibaki mbili."

"Nimehesabu. Lakini mwaka tuliorudi kutoka Tanzania mvua ilinyesha hapa wiki sita bila kupumzika, na nyeusi za majirani zilioza zote kwenye udongo. Mwaka kama huo ukirudi nitapanda nini? Mama hakuwa mjinga kuchanganya."

"Na jua likiwa kali?" Bonifasi aliuliza.

"Za njano zitakufa. Nitaomba nyingine."

Jumamosi hiyo alikwenda tena Mutoyi, akapanda kilima cha Bugendana polepole, akipumzika mara mbili njiani mikono ikiwa kiunoni, kwenda kumwomba Emiliana bakuli la maharage ya njano.